Bei Haijui Kuhesabu

Agosti 2022, kadi moja ya karatasi ngumu yenye picha ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Hakuna kadi ya mchezo wowote iliyokuwa imefikia bei hiyo. Habari ilifika hata kwa wasomaji wasiojua besiboli inachezwaje, na mara nyingi ilifika pamoja na maelezo yake: bei ni kubwa kwa sababu kadi ni adimu. Maelezo hayo si kweli. Yamesambaa kiasi kwamba hata watu waliokusanya kadi kwa nusu ya maisha yao huyarudia bila kuyapima. Na yanapohamishiwa kwenye kadi kongwe zaidi, zile za mwanzo wa karne ya 20 zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara na za peremende, yanaleta hasara ambayo haitarekebishika.

Nitayaeleza kwanza kama wenyewe wanavyoyaeleza, maana si maelezo ya wajinga. Wanasema chema chajiuza. Mtu hatoi mamilioni bila kuuliza, na kabla ya kununua huwaita wajuzi, hulinganisha minada iliyopita, hukagua kadi kwa kioo cha kukuza. Kwa hiyo bei ni jumla ya ujuzi wa watu wengi. Pili, wanasema siku hizi hatubahatishi. Kampuni za kupima kadi, kubwa yao PSA iliyoanza mwaka 1991, hupokea kadi, hukagua uhalisi wake, huipa alama kati ya 1 na 10, huifungia kwenye kasha la plastiki, kisha hutangaza hadharani rejista ya idadi: kadi hii tumeziona ngapi, za alama gani. Tatu, wanakumbusha kwamba zaidi ya miaka mia moja imepita. Akina mama walizitupa, moto na mafuriko yakachukua sehemu yao, na katika Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wakakusanya karatasi chakavu kwa tani. Kilichobaki kimebaki, na hakuna kingine kitakachochapwa.

Hoja zote tatu zina mantiki kwa kuzisikia. Zikiwekwa mbele ya kadi zenyewe, hazisimami.

1. Bei hupima hamu

Tuanze na hiyo kadi ya Mantle. Ilitolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, katika mfululizo wa mwisho wa mwaka huo, uliofika madukani msimu ukiwa unaisha na watoto wamekwisha kuchoka kununua. Masanduku yalibaki ghalani, na Sy Berger wa Topps alisimulia baadaye kwamba mwaka 1960 walipakia shehena ya kadi hizo kwenye jahazi na kuzitosa baharini. Hadithi hiyo hutajwa kila kadi ya Mantle inapouzwa. Linaloachwa ni hili: katika karatasi kubwa ya uchapaji ya mfululizo ule, Mantle alipewa nafasi mbili, huku wengi wa majirani zake wakipewa moja. Zilichapwa kadi zake mara mbili ya zao. Zilizopita mikononi mwa wapimaji ni zaidi ya elfu moja. Majirani wale, waliochapwa nusu yake na kuzama bahari ileile, huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei yake, kwa sababu hawakuwa Mantle.

Sasa turudi nyuma. Kati ya mwaka 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco, dola ya tumbaku ya James Duke, ilitia kadi za besiboli katika pakiti za sigara na mifuko ya tumbaku ya chapa 16: Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear, Old Mill na nyinginezo. Wakusanyaji huuita mkusanyiko huo T206, jina alilouwekea Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwandani huko Syracuse, katika katalogi yake kubwa ya kadi za Marekani. Humo ndimo ilimo kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, inayosemwa kuwa adimu kuliko zote. Mwaka 2021 nakala moja yake ilifikia dola milioni 6.6, na mwaka uliofuata nyingine ikauzwa kwa milioni 7.25.

Nakala za Wagner zinazojulikana ni takriban 60. Ndani ya mkusanyiko huohuo yumo Joe Doyle, mrushaji wa timu ya New York ya Ligi ya Amerika. Mchapaji alimchanganya na Larry Doyle wa timu nyingine ya New York, akaandika chini ya picha kwamba anacheza Ligi ya Taifa. Kosa likaonekana mapema, maandishi yakafutwa, uchapaji ukaendelea. Nakala zenye kosa zinazojulikana ni kama kumi. Hesabu ya kawaida inasema Doyle mwenye kosa ni adimu mara sita kuliko Wagner, lakini hajawahi kukaribia bei ya Wagner. Babe Ruth naye, katika kadi iliyotolewa mwaka 1914 na gazeti la Baltimore News alipokuwa kijana wa miaka 19, ana nakala kama kumi tu. Moja iliuzwa Desemba 2023 kwa dola milioni 7.2. Kwa mizani ya bei, basi, kadi yenye nakala kumi na kadi yenye nakala sitini zina uadimu sawa, na kadi yenye nakala zaidi ya elfu inazizidi zote mbili.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaonigusa zaidi. Ligi kuu za Marekani zilimfungia nje mchezaji mweusi mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Kadi za kampuni za tumbaku na peremende zilifuata ubaguzi huohuo. Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa zama zake, hakuwekwa katika pakiti za nchi yake. Kadi yake tunaipata Cuba, alikokwenda kucheza majira ya baridi, katika mkusanyiko wa sigara za Billiken wa mwaka 1923 na 1924. Kadi hizo zilisambazwa kisiwani, watu wakazibandika kwenye albamu, na zilizobaki ni chache mno. Kwa miaka mingi soko halikuzitazama. Anayesema bei ni jumla ya ujuzi aeleze ni ujuzi gani uliokuwa umekosekana hapo. Watu walijua zilipo. Walichokosa ni hamu, na hamu yao ilikuwa imefundishwa na orodha za wachezaji zilizoandikwa na wabaguzi.

2. Rejista huhesabu kilicholetwa

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi kwa watu wa leo, kwa kuwa ina tarakimu. Lakini rejista ya kampuni ya upimaji haikuwahi kuwa sensa. Inahesabu mara ambazo kadi fulani iliwasilishwa na kulipiwa ada.

Makosa yake huenda pande mbili kwa wakati mmoja. Mtu aliyepewa alama 4 na anaamini alistahili 5 hulivunja kasha, akaituma kadi upya. Lebo ya zamani isiporudishwa, kadi moja imekuwa mbili katika rejista, na akijaribu tena inakuwa tatu. Jambo hili hutokea zaidi pale ambapo alama moja ina thamani ya maelfu ya dola, yaani kwenye kadi ghali. Upande wa pili, kadi ya kawaida ya T206 iliyochakaa, yenye pembe zilizolika na mkunjo katikati, inaweza kupatikana kwa makumi machache ya dola. Ada ya kuipima hula sehemu kubwa ya thamani yake, kwa hiyo mwenyewe haitumi. Zimo kwenye masanduku ya viatu na albamu kote Marekani, na rejista haizijui.

Matokeo yake ni kwamba ulinganisho ambao kila mtu hupenda kuufanya, wa kugawa idadi ya mchezaji huyu kwa idadi ya yule, umepinda tangu mwanzo. Wagner hupelekwa kupimwa karibu kila anapoonekana. Mchezaji asiye na jina hupelekwa nadra. Ukisoma rejista peke yake utaamini kwamba Wagner ni wengi na wale wengine ni wachache kuliko ilivyo kweli.

Halafu kuna kadi ambazo hazitapita huko kamwe. Burdick aliipa Makumbusho ya Sanaa ya Metropolitan ya New York vitu zaidi ya 300,000, akatumia miaka yake ya mwisho, mikono ikiwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, akivibandika mwenyewe kwenye albamu mpaka alipokaribia kufa mwaka 1963. Wagner yumo humo. Maktaba ya Umma ya New York inaye Wagner wake. Maktaba ya Bunge la Marekani ina kadi 2,100 za kati ya mwaka 1887 na 1914 zilizokusanywa na Benjamin K. Edwards. Hizi ni hazina za umma, zimeorodheshwa, nyingine zimepigwa picha na kuwekwa wazi kwa kila mtu. Mnunuzi anayetaja rejista ya kampuni kana kwamba ndiyo hesabu ya dunia amezifuta zote.

3. Umri peke yake hauelezi kitu

Hapa sihitaji maneno mengi, maana mfano mmoja unatosha. Mwaka 1914 kampuni ya Cracker Jack ilitia kadi 144 ndani ya maboksi ya bisi zilizopakwa karameli. Kadi zilikaa ndani ya sukari, zikapata madoa, zikaingia mikononi mwa watoto moja moja. Mwaka uliofuata ilitoa mkusanyiko wa kadi 176, nyingi zikiwa na picha zilezile. Safari hii, zaidi ya kuziokota ndani ya boksi, mteja aliweza kutuma kuponi kwa posta akaletewa seti nzima, safi, haijagusa sukari. Leo kadi za 1915 zinapatikana kwa urahisi zaidi na katika hali bora zaidi kuliko za 1914. Umri wake unatofautiana kwa mwaka mmoja. Kilichoamua hatima yake ni namna zilivyomfikia mtu.

4. Mfuko wa karatasi, na dari ya Ohio

Wale wa hoja ya tatu hudhani daftari limefungwa: kilichojulikana ndicho kilichobaki. Nawapa matukio mawili.

Februari 2012, katika mji wa Defiance, jimbo la Ohio, ndugu waliokuwa wakisafisha nyumba ya babu yao walikuta darini boksi lenye kadi zipatazo 700 za mkusanyiko uitwao E98, wa mnamo mwaka 1910, uliotolewa pamoja na peremende. Mkusanyiko wote una wachezaji 30 tu, wakiwemo Ty Cobb, Cy Young na Wagner huyohuyo. Kabla ya siku hiyo, E98 iliyo safi ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Boksi lilipofunguliwa zikatoka kadi ambazo kwa usafi zilizidi chochote kilichowahi kuonekana cha mkusanyiko huo. Kila sentensi iliyokuwa imeandikwa katika katalogi za minada kuhusu hali bora inayojulikana ya kadi hizo ilipitwa na wakati kwa siku moja.

Mwaka 2016 familia nyingine ilikuwa ikipekua vitu vya wazee wao waliokwisha kufariki. Ndani ya mfuko wa karatasi uliokunjamana, uliokuwa karibu kutupwa, zilikuwemo kadi saba za Ty Cobb zenye jina lake pia mgongoni kama chapa ya tumbaku. Zilizojulikana duniani mpaka hapo zilikuwa kama kumi na tano. Mfuko mmoja uliongeza karibu nusu ya hesabu yote.

Simlaumu aliyesema kumi na tano mwaka 2015. Alisema alichokijua. Namlaumu aliyeiandika idadi hiyo kama ukweli wa kudumu, akaiuza hivyo kwa mtu aliyelipa kwa sababu hiyo. Neno la uaminifu ni "zinazojulikana", pamoja na mwaka. Katalogi za minada zinaliacha kwa kuwa linapunguza joto la ukumbi.

5. Ukigawa vya kutosha, kila kadi itakuwa ya pekee

Mkusanyiko wa T206 una kadi 524 ukihesabu nyuso peke yake. Ukigeuza kadi na kuhesabu pia chapa ya sigara iliyoko mgongoni, nambari ya mfululizo na kiwanda kilichoifungasha, idadi ya michanganyiko inaruka kwenda maelfu. Mchezaji wa kawaida kabisa, mwenye mgongo wa Piedmont unaopatikana kila mahali, akiwa na mgongo wa Drum anakuwa kitu cha kutafutwa miaka. Ipo michanganyiko ambayo nakala yake inayojulikana ni moja au mbili. Hiyo nayo ni adimu kuliko Wagner, kwa mbali.

Sina ugomvi na wanaosoma migongo. Hao ndio waliotufundisha mengi kuliko wote. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayebadilisha kipimo katikati ya sentensi: leo anahesabu wachezaji, kesho migongo, keshokutwa anasema hii ndiyo pekee yenye alama 7 huku zenye alama 6 zikiwa tele. Kadi za T205 za mwaka 1911 zina kingo za rangi ya dhahabu zinazobanduka kwa kuguswa tu, kwa hiyo iliyo safi ni nadra. Huo ni uadimu wa hali, haugusi idadi ya kadi zilizopo. Mnunuzi anapoambiwa "moja tu duniani" ana haki ya kujua ni moja ya nini.

Na wakati mwingine uchache ulipangwa tangu kiwandani. Kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa mwaka 1933 mkusanyiko wa kadi 240 zilizofungashwa na ubani wa kutafuna, ikaiacha nambari 106 bila kuichapa. Watoto waliendelea kununua wakiitafuta kadi ambayo haikuwapo. Walioandika barua kulalamika walitumiwa mwaka 1934 kadi ya Napoleon Lajoie yenye nambari hiyo, ikiwa imebanwa kwenye barua kwa kibanio, na nakala nyingi bado zina alama ya kibanio hicho. Leo inasifiwa kama hazina. Mimi naiona kama risiti ya udanganyifu waliofanyiwa watoto wa miaka ya dhiki ya uchumi, wenye senti moja mkononi, na ningependa kila inapouzwa jambo hilo lielezwe kwanza.

6. Mkasi

Nimefika kwenye gharama ambayo wanaoitetea bei na rejista hawaiweki kwenye hesabu yao.

Tunajuaje kwamba Wagner ni wachache kweli? Bei haikutuambia. Tunajua kwa ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa maandishi. Mwaka 1912 gazeti la The Sporting News lilieleza kwamba John Gruber, mwandishi wa michezo wa Pittsburgh, alikuwa ameahidiwa dola 10 endapo angepata ruhusa ya Wagner. Wagner alikataa picha yake kutiwa kwenye sigara, lakini hakutaka mwenzake apoteze pesa, akamtumia hundi ya dola 10 kutoka mfukoni mwake. Mpaka leo watu wanabishana kama alikataa kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya malipo, hasa kwa kuwa mwenyewe alitafuna tumbaku. Kwamba ruhusa haikutolewa, hilo halina ubishi.

Ushahidi wa pili umo ndani ya kadi. Wagner wanaojulikana wana migongo ya Sweet Caporal, na wachache sana ya Piedmont, yote ya mfululizo wa kwanza. Katika chapa zilizokuja baadaye hawamo. Kadi zenyewe zinashuhudia kwamba aliondolewa mapema.

Ushahidi wa aina hii ndio pekee tulionao kwa kadi nyingine mamia, kwa sababu hakuna karatasi kubwa hata moja ya T206 iliyosalia nzima, kama ilivyotoka kwenye mashine kabla ya kukatwa. Kuna ukanda mmoja wa majaribio wenye kadi tano, Wagner akiwa miongoni mwao. Basi wanaotaka kujua nani alichapwa pamoja na nani, mara ngapi, kwa ajili ya chapa gani, hutafuta kadi zilizokatwa vibaya kiwandani: kadi ambayo ukingo wake wa juu una jina la mchezaji mwingine, au ambayo pembeni ina kipande cha rangi ya jirani yake. Kadi moja iliyopotoka hivyo hutoa jirani mmoja. Ukiziunganisha nyingi, karatasi ya mwaka 1909 inaanza kujengeka upya, na hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa haki nani alichapwa wengi na nani wachache.

Mfumo wa alama unazifanyia nini kadi hizi? Unaziadhibu. Kadi iliyokatwa upande hushushwa alama, na yenye kingo zilizonyooka hupandishwa. Tofauti ya alama moja inapofika makumi ya maelfu ya dola, mkasi huingia kazini. Tuna mfano uliothibitishwa mahakamani, na unahusu kadi mashuhuri kuliko zote: Wagner aliyenunuliwa mwaka 1991 na nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall kwa dola 451,000, akawa kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, akapewa alama 8, na mwaka 2007 akauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa minada ya kadi, alikiri mbele ya mahakama huko Chicago kosa la ulaghai, na katika kukiri kwake akasema kwamba alikuwa amezipunguza kingo za kadi ile kabla ya kuiuza. Alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Kadi ilibaki kwenye rejista, na alama yake 8.

Watetezi wa mfumo husema huyo ni mtu mmoja na ameadhibiwa. Hawajibu swali lenyewe. Kingo alizozikata zilikuwa na umbo lililotoka kiwandani, na pengine lilikuwa na la kutuambia kuhusu karatasi iliyombeba Wagner. Mgongo wa kadi ile ni wa Piedmont, yaani ni mojawapo ya chache mno za aina hiyo, zile ambazo mtafiti angezihitaji kuliko zote. Hakuna atakayezirudisha zile nyuzi za karatasi. Ni kadi ngapi nyingine zilinyooshwa hivyo, za wachezaji ambao hakuna mahakama itakayowashughulikia, ili zipande kutoka 4 hadi 6? Ni albamu ngapi za mvulana mmoja wa mwaka 1910, zilizokuwa zikionyesha katika kurasa zake nini kilipatikana mtaani kwake na kwa chapa gani, zililowekwa kwenye maji na kutawanywa kadi moja moja kwa wanunuzi wa majimbo kumi?

Nadai mambo ambayo kampuni ya minada inaweza kuyafanya kesho asubuhi bila kupoteza dola. Iandike kadi ilipatikana wapi na pamoja na nini. Ipige picha kingo zote nne na mgongo kabla ya kasha, na picha zibaki wazi baada ya mnada. Itaje kadi za makumbusho na maktaba pale inapotaja idadi. Na kampuni za upimaji ziache kuishusha kadi iliyotoka kiwandani imepinda hadi chini ya ile iliyonyooshwa na mtu chumbani kwake, ambayo jicho la mpimaji halikuigundua.